Anguko Halina Kinga, Jeraha Linayo

"Ajali haina kinga" ni maneno ya kumliwaza aliyeumia, na aliyeumia anastahili kuliwazwa. Lakini maneno hayo yakitangulia safari badala ya kuifuata, huwa kisingizio cha kutojiandaa. Kila msimu wa baridi, wazazi wanaozungumza Kiswahili huko Minnesota, Ontario, Ujerumani au Uswisi huletewa fomu ya shule: mtoto anakwenda na darasa lake kuteleza kwenye theluji, mzazi atie sahihi. Vijana walioko Ghuba nao wana Ski Dubai, ukumbi wa theluji uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates, ambako mtu huteleza huku nje jua likiwaka. Katika maandalizi ya safari kama hizi, fikra za wengi hukimbilia baridi. Watanunua koti zito, soksi za sufu, glavu na kofia ya kuziba masikio, wakidhani wamemaliza. Baridi inasumbua kweli, ila siyo inayojaza wodi za mifupa katika miji ya milimani. Kinachozijaza ni maanguko, tena mengi ni ya kawaida kabisa, ya watu waliokuwa wakienda polepole. Hoja yangu ni kwamba anayejifunza kuteleza kwa ubao wa theluji (snowboard) ataanguka, atake asitake, na hilo halina mjadala. Kinachobaki mikononi mwake ni kuamua mapema anguko hilo litamkuta vipi, wapi na akiwa amevaa nini. Akiamua vizuri, atainuka na kupangusa theluji. Asipoamua, huenda akarudi nyumbani na mkono kwenye plasta.

Ili kujikinga, lazima kwanza kujua ubao unavyomwangusha mtu, kwa sababu haumwangushi kama skii. Anayeteleza kwa skii ana fimbo mbili mkononi na kila mguu uko kwenye skii yake. Akianguka vibaya, kifungio hufyatuka na buti likaachia. Ndiyo maana jeraha linalojulikana sana kwa watu wa skii ni la goti, pale skii inapokwenda upande mmoja na mwili upande mwingine. Wa ubao hana fimbo, na miguu yake yote miwili imefungwa juu ya kipande kimoja kwa mikanda isiyofyatuka. Hali hiyo huyapunguzia magoti kupindwa, kwani miguu huenda pamoja, lakini inamnyima jambo ambalo binadamu hulifanya bila kufikiri anapopepesuka, yaani kutupa mguu mmoja mbele na kujizuia. Kwa kuwa mguu hauwezi kwenda, mikono ndiyo inayokwenda. Mtu hunyoosha mkono, hufungua kiganja, na uzito wa mwili mzima hutua juu ya kifundo kimoja. Mfupa wa kigasha karibu na kifundo hicho haukuumbwa kwa mzigo huo, na hapo ndipo unapovunjika.

Uchunguzi wa majeraha ya mchezo huu, mchezo ambao ulianza kuenea baada ya Mmarekani Jake Burton Carpenter kuanza kutengeneza mbao zake za theluji huko Vermont mwaka 1977 na ukaingia katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, umerudia matokeo hayo nchi baada ya nchi. Kifundo cha mkono ndicho kinachoumia zaidi kwa watelezaji wa ubao, na wanaoumia zaidi ni wageni wa mchezo, hasa wale wa siku za mwanzo na waliokodi vifaa. Kwa watoto na vijana hatari ina uzito wa ziada, kwa sababu mfupa wao bado unakua na sehemu inayourefusha iko karibu kabisa na pale panapovunjika. Matokeo haya yanapindua picha iliyomo vichwani mwa wengi. Tukisikia ajali ya theluji tunamfikiria bingwa aliyeruka angani na kutua vibaya. Ajali hizo zipo na ni mbaya, lakini anayeonekana mara nyingi zaidi kliniki ni mtu wa kawaida, katika mteremko wa wanaoanza, aliyekuwa karibu kusimama. Kama huyo ndiye anayeumia, basi ushauri wa kujikinga uanze naye, na uanzie kwenye kifundo chake.

Dawa ya kifundo inajulikana na imepimwa. Huko Hafjell nchini Norway, karibu na Lillehammer, watafiti waliwagawa watelezaji wa ubao 5,029 kwa bahati nasibu katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Kundi moja lilivaa kinga za vifundo, jingine halikuvaa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, waliovaa walipata majeraha 8 ya kifundo, na wasiovaa 29. Katika mambo ya michezo ni nadra kupata ushahidi ulio wazi hivi, maana watu hawakujichagulia makundi, kwa hiyo hatuwezi kusema waliovaa walikuwa waangalifu zaidi kwa tabia. Kinga yenyewe ni kitu kidogo: ni bamba gumu lililofungwa kwa mikanda ya kunata, linalokizuia kifundo kisipindwe kupita kiasi na kuusambaza mshindo hadi kwenye kigasha. Ukiwa dukani, ivae pamoja na glavu utakayoitumia, kwa kuwa nyingine huvaliwa ndani ya glavu na nyingine juu yake, na kosa la kawaida ni kununua kinga nzuri na kugundua mlimani kwamba glavu haiingii. Chagua ndefu kiasi, isiyoishia pale pale kwenye kifundo. Ifunge ikaze bila kuzuia damu: ukikunja ngumi vidole viende, na ukijaribu kukipinda kiganja kuelekea nyuma, kigome.

Wapo wanaozipinga kinga hizi, na hoja zao zinastahili majibu. Ya kwanza inasema kinga haiondoi nguvu ya anguko bali huisukuma juu, hadi kwenye kiwiko au bega. Kimantiki hoja ina mashiko, na watafiti wameichunguza. Zimewahi kuonekana dalili za ongezeko kidogo la maumivu ya sehemu za juu, lakini dalili hizo ni dhaifu, ilhali upungufu wa kuvunjika kwa kifundo ni mkubwa na umejirudia katika tafiti mbalimbali. Anayeacha kinga yenye faida iliyothibitika kwa kuogopa madhara yasiyothibitika hajapima vizuri. Ya pili inasema mabingwa hawazivai. Wengi hawazivai kweli, lakini bingwa haanguki kama mgeni. Amekwisha kuufundisha mwili wake kutotanguliza viganja, na hatari zake ni za aina nyingine. Kumwiga mavazi kabla ya kuwa na ujuzi wake ni kuchukua sehemu ya bure na kuacha iliyomgharimu miaka. Ya tatu ni kwamba kinga humpa mtu ujasiri wa kijinga. Hilo linategemea mtu anavyoielewa: akijua imekusudiwa kulipunguzia uzito anguko la kawaida, hatafikiri imempa ruhusa ya kupanda mteremko asiouweza.

Pamoja na kinga, jifunze kuanguka, na ujifunze mahali tambarare kabla hujapanda popote. Ukianguka kwa mbele, kunja ngumi, piga magoti kwanza, kisha jilaze juu ya vigasha vyote viwili huku kifua kikifuata. Ngumi iliyokunjwa huuzuia mwili usitue juu ya kiganja kilichopindwa nyuma. Ukianguka kwa nyuma, chuchumaa haraka ili umbali wa kuanguka upungue, kaa kwa makalio, bingirika juu ya mgongo, na wakati wote kidevu kigandamize kifuani ili kisogo kisigonge. Mikono iweke kifuani, usiipeleke nyuma. Watu huona haya kufanya mazoezi haya mbele ya wenzao, lakini robo saa inatosha kuuandaa mwili. Silika ya kunyoosha mkono ni ya haraka kuliko fikra, na haiondoki kwa kuambiwa, huondoka kwa kurudiarudia. Suruali yenye sponji za makalio na magoti inasaidia pia, kwa sababu asiyeogopa maumivu ya kukaa chini kwa kishindo hukubali kukaa badala ya kupigana na anguko kwa mikono.

Baada ya mkono, kichwa. Ubao una kingo mbili, wa upande wa vidole na wa upande wa visigino, na mtelezaji anatakiwa awe juu ya ukingo ulioelekea mlimani. Ubao ukilala bapa na ukingo wa upande wa bondeni ukajichimba kwenye theluji, ubao husimama papo hapo na mwili huendelea. Ukijichimba ukingo wa visigino, mtu hutupwa chali bila hata nusu sekunde ya kujiandaa, na kisogo hugonga chini. Madaktari wa upasuaji wa ubongo nchini Japani wamelieleza anguko hili kwa kina: huwapata wanaoanza, katika miteremko laini, nalo linaweza kuvujisha damu chini ya ganda la ubongo. Kwa hiyo mteremko laini usimdanganye mtu akavua kofia ngumu. Ushahidi wa kofia hizi nao ni mzuri. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2006, uliolinganisha maelfu ya majeruhi na watelezaji wasioumia, ulihusisha kofia na upungufu wa asilimia 60 hivi wa hatari ya kuumia kichwa. Uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa, uliochapishwa Kanada mwaka 2010, ulipata asilimia 35, na haukuona kwamba kofia huongeza majeraha ya shingo, jambo ambalo wazazi wengi huliogopa kwa ajili ya watoto. Lakini kofia isiyofungwa ni pambo, kama ile ya abiria wa bodaboda anayeipachika kichwani ili askari aione. Ukanda ukae chini ya kidevu, pasibaki nafasi ya zaidi ya kidole kimoja au viwili, na ukitikisa kichwa kofia iende na ngozi. Ndani yake usivae kofia nene ya sufu, na kofia iliyokwisha kupigwa mshindo mkubwa ibadilishwe hata kama haina ufa.

Hata hivyo kofia ina mpaka wake, na kuujua mpaka huo ni sehemu ya kujikinga. Vipimo vya kiwandani huigongesha kofia kwa mwendo wa takriban kilomita 20 kwa saa. Mtelezaji wa kiwango cha kati hufika kilomita 40 bila kujiona anakimbia, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mshindo huongezeka mara nne. Kevin Pearce, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa watelezaji bora wa ubao duniani, alikuwa amevaa kofia alipoanguka mazoezini Park City, Utah, tarehe 31 Desemba 2009. Aliokoka, lakini ubongo uliumia vibaya na mashindano yakaishia hapo. Wapo wanaotumia mifano kama hiyo kusema kofia ni bure. Mimi nasoma kinyume: kofia hufanya kazi yake pale inapoweza, yaani katika maanguko ya mwendo mdogo ambayo ndiyo mengi, na mwendo mkubwa unakingwa na uamuzi wa mtu mwenyewe. Viwanja vya miruko, vyenye matuta ya kurukia na vyuma vya kutelezea, huleta majeraha mazito zaidi kuliko njia za kawaida. Anayejifunza hana shughuli huko mpaka aweze kugeuka pande zote mbili na kusimama anapotaka.

Uamuzi wa mteremko, basi, una uzito kuliko kifaa chochote. Amerika ya Kaskazini, alama ya duara la kijani ni njia rahisi, mraba wa buluu ni ya kati, almasi nyeusi ni ngumu. Ulaya huanza na kijani au buluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Rangi hizi hulinganisha njia za mlima ule ule mmoja, kwa hiyo buluu ya mahali fulani inaweza kuwa kali kuliko ya pengine. Tena rangi haisemi lolote kuhusu hali ya theluji siku hiyo. Theluji mpya ni laini na humpokea mtu, ilhali iliyoyeyuka mchana na kuganda usiku inakuwa barafu asubuhi, na anguko lile lile huuma zaidi. Vilima vidogo vya Minnesota na Ontario, ambavyo hutegemea sana theluji ya mashine, mara nyingi huwa na uso mgumu, na udogo wake haupaswi kumpa mtu imani. Kuyapima hayo yote ndiyo faida kubwa ya mwalimu. Wengi husema rafiki aliyezoea anatosha, na ni kweli kwamba tafiti hazikubaliani kama somo peke yake hupunguza majeraha. Lakini tazama rafiki anavyofanya: humpandisha mgeni kwenye njia anayoipenda yeye, humwambia "nifuate", kisha anateremka. Mwalimu humweka mgeni mahali panapomfaa, humfundisha kupanda na kushuka lifti ya viti huku mguu wa nyuma ukiwa huru, na humzuia kwenda juu kabla ya wakati wake. Mguu huo mmoja uliofungwa ni hatari hasa wakati wa kushuka lifti, kwani ubao ukipinda, goti la mguu huo hupindwa nao. Elekeza ubao mbele, kanyaga kwa mguu ulio huru kati ya vifungio, na usigeuke kumtazama mwenzako.

Wengine wapo mlimani pia, na Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji lina kanuni 10 za mwenendo zinazowahusu hata wa ubao. Kwa mgeni, tatu zitangulie. Aliye mbele au chini yako ana haki ya njia, na wewe unayetoka juu ndiye wa kumkwepa. Ukitaka kupumzika, usikae katikati ya njia wala nyuma ya tuta ambapo anayeshuka hakuoni. Na ukishuhudia ajali, una wajibu wa kusaidia. Mtelezaji wa ubao azingatie zaidi kwamba mwili wake umekaa ubavu, kwa hiyo upande wa mgongoni hauoni vizuri. Ageuze kichwa kabla ya kugeuza ubao. Na misitu yenye theluji nyingi nje ya njia zilizowekwa alama iachwe kabisa: chini ya miti hubaki mashimo ya theluji laini, anayetumbukia kichwa mbele huku miguu imefungwa kwenye ubao hawezi kujitoa kwa urahisi, na anaweza kukosa hewa kabla ya wenzake kugundua kuwa hayupo.

Ikitokea umeumia licha ya yote hayo, saa za mwanzo zina maana kubwa, na hapa nataka kusema na mazoea yetu. Kwetu kiungo kikivimba, haraka huitwa mtu wa kuchua, au hukandwa kwa maji ya moto. Kifundo kilichoumia kwenye theluji kisichuliwe kabla ya kupigwa eksirei. Kifunge kisitikisike, kiweke juu, kipoze, na uende hospitali. Bonyeza kwa upole kile kijishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba unapokinyoosha. Kama kinauma, mwambie daktari, kwa sababu hapo ndani kuna mfupa mdogo ambao ufa wake huenda usionekane kwenye eksirei ya kwanza na ukahitaji kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Vivyo hivyo kwa kifundo cha mguu: mtelezaji wa ubao mwenye maumivu upande wa nje, chini kidogo ya kile kinundu cha mfupa, asikubali haraka kwamba ni kuteguka tu. Kuna mvunjiko wa pembeni mwa mfupa wa chini ya muundi ambao ni nadra kwa watu wengine, unajulikana kwa watu wa ubao, na eksirei ya kawaida huukosa mara kwa mara. Taja wazi kwamba ulikuwa kwenye ubao, na uliza kama kipimo cha CT kinahitajika. Kuhusu kichwa, usimwamini majeruhi anayesema yuko sawa. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza skii katika mteremko wa wanaoanza huko Mont Tremblant, Kanada, mwezi Machi 2009, bila kofia. Alizungumza, alicheka, akakataa matibabu, na siku mbili baadaye alikuwa amefariki kwa damu iliyovujia kwenye fuvu. Aliyegonga kichwa asirudi mteremkoni siku hiyo, asiachwe peke yake, na akianza kuumwa kichwa, kutapika, kusinzia au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.

Inabaki hoja ya fedha, ambayo si ndogo kwa familia inayolipia tiketi, vifaa na usafiri kwa siku moja. Naijibu kwa kupanga vipaumbele. Koti linaweza kuazimwa, suruali ya kuzuia maji inaweza kuazimwa, miwani inaweza kukodiwa. Kofia ngumu mara nyingi hupatikana pale pale wanapokodi ubao, ila kinga za vifundo huenda zisiwepo, kwa hiyo uliza kabla ya siku ya safari, na kama hazipo nunua. Soma bima yako uone kama inagharamia michezo ya theluji na uokoaji wa mlimani. Lipia somo la saa chache badala ya tiketi ya mlima mzima ambao hutautumia. Na ukisikia miguu imechoka, usiongeze mzunguko wa mwisho kwa kuwa tiketi imelipiwa, kwani mguu uliochoka hauushiki ukingo. Mzazi anayetia sahihi ile fomu ya shule aulize maswali matatu: watoto watavaa kofia, watakuwa na kinga za vifundo, na watafundishwa na nani siku ya kwanza? Jibu likikosekana, bado anao muda wa kulitafuta kabla ya safari, na kazi hiyo ni yake, wala asiiachie bahati.